Fundi Saa na Mstari wa Pumzi Moja

Ukitaka kumuudhi Fundi Saa, ulimwuliza tu kama Lugendo atashinda au atashindwa. Angekutazama kwa jicho moja, maana la pili lilikaa nyuma ya lenzi kutwa nzima, akakwambia kwamba habari za kushinda na kushindwa ziko uwanja wa mpira, uzifuate huko. Yeye pale kibarazani kwake, mtaa wa Gongoni, hatazami nani kashinda, anatazama mstari. Mimi nilimuudhi hivyo siku ya kwanza kabisa, na nadhani ndiyo sababu alinikumbuka.

Lugendo alikuwa mtu wa kwenye karatasi. Alikuwa mpagazi aliyetoroka msafara wa pembe, akaokota sime ya radi ndani ya pango, na tangu hapo akawa anapambana na mchawi mmoja aitwaye Bwana Ukungu, mtu asiye na kivuli. Hadithi yenyewe iliitwa Sime ya Radi, ikitoka kila mwezi katika kijarida kilichochapwa Dar es Salaam, kurasa nane za katikati, nyeusi na nyeupe. Wasomaji walikuwepo nchi nzima, lakini sisi wa Tabora tulijifanya ndio wenyewe, kwa kuwa njia anayopita Lugendo ni ile ile ya mababu zetu, ya kutoka ziwani kwenda pwani, na nyumba za mle ndani ni matembe yenye mapaa bapa. Watu wa Dar es Salaam wanajua nini kuhusu matembe? Basi tukawa tunasema mchoraji lazima ana mjomba huku kwetu.

Wakati huo nilikuwa karani wa vifurushi pale stesheni. Mafungu ya kijarida yalipita dirishani kwangu kabla ya kufika dukani, na mwenye duka alikuwa akiniachia nakala nne bila kuziweka mezani, maana zikifika mezani tu haziwahi kulala. Moja yangu, moja ya Fundi Saa, moja ya Gadi, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia treni na kupuliza filimbi, na moja ya Muuza Asali, mzee wa Kinyamwezi aliyeshuka mjini kila Jumamosi na madebe yake kwenye baiskeli. Hao ndio tuliokuwa tukikutana baada ya alasiri kwenye kibaraza cha Fundi, juu ya mkeka, na birika la chai ya tangawizi. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na watu walisema waliyosema.

Namna Fundi alivyosoma ilikuwa ibada ndogo. Kwanza alinawa mikono, akavikausha vidole kimoja kimoja. Kisha akafungua kurasa za katikati na kukigeuza kijarida juu chini, miguu ya Lugendo ikaelekea mbinguni. Halafu akaweka lenzi na kuinama mpaka pua iguse karatasi. Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kusoma na kujua kwamba Bwana Ukungu kamgeuza mfalme kuwa kicheche. Fundi alikuwa bado yuko kwenye kiwiko cha mkono.

Nilimwuliza mara moja kwa nini anageuza. Akasema, "Mtu akisimama wima utamwona mtu. Mgeuze, utauona wino."

Hilo sikulielewa mwaka mzima. Nilikuwa nikigeuza na kuona mtu aliyegeuzwa. Lakini alikuwa na subira na mimi kuliko alivyokuwa na wanaume. Alinipa lenzi yake, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine, akaniwekea ukucha wake wa dole gumba pale sime inapoanzia. Ukucha ule aliufuga mrefu na mgumu kwa ajili ya kufungulia mifuniko ya saa. Akaniambia nifuate makali ya sime tangu kwenye mpini mpaka kwenye ncha, na nimwambie ni wapi mchoraji aliinua mkono. Nikafuata. Mstari ulianza mnene, ukakonda katikati, ukanenepa tena kidogo na kuishia kwenye ncha kali ya sindano. Hakuna mahali alipoinua. Nikagundua kwamba na mimi nilikuwa nimebana pumzi.

Akafurahi sana. Akasema huo unaitwa mstari wa pumzi moja, na kwamba mtu asiyeweza kubana pumzi asishike kalamu wala saa. Jina hilo nadhani alilibuni mwenyewe, lakini toka hapo likawa ndilo neno letu. Muuza Asali akipata asali nyeupe isiyo na masizi, akawa anasema hii ni ya pumzi moja.

Kubishana kulikuwa ndiyo raha yenyewe. Muuza Asali alikuwa na ugomvi na miti. Alisema mchoraji anajua mninga na anajua mtundu, hana neno, lakini mizinga ya nyuki anaitundika karibu mno na shina, nyegere atapanda na kula yote, na Lugendo mtu wa huku asingeipita mizinga ya namna hiyo bila kuirekebisha. Aliyasema hayo kwa uchungu wa kweli. Gadi yeye alihesabu mwendo: Lugendo kalala Ugalla, asubuhi yuko Malagarasi, kafikaje na treni hakuna? Mimi nilikuwa na nywele za Msichana wa Ngao, mwenzake Lugendo, ambaye toleo moja kasuka mabutu, toleo linalofuata kasuka njia nne, na katikati ni usiku mmoja tu pangoni. Nani alimsuka? Lugendo? Fundi alitusikiliza wote watatu, akatutilia sukari kwenye chai, akasema sisi ni sawa na watu walioalikwa arusini wakaenda kukagua choo.

Jumamosi moja alikuja Balozi wa nyumba kumi, kasikia kuna mkutano usio na kibali na ndani yake kuna mambo ya uchawi. Alikuwa mtu mzuri, lakini cheo kilikuwa bado kipya. Alisema nchi inajenga Ujamaa na sisi watu wazima tumekaa na picha za majini. Gadi akaogopa, kwa kuwa yeye alikula mshahara wa serikali. Fundi Saa alimkaribisha chai, akamfungulia ukurasa ambao Lugendo anamgawa ng'ombe wa Bwana Ukungu kwa kijiji kizima, kila kaya fungu lake, na yeye mwenyewe anabaki na kwato. Akamwuliza Balozi, kwa upole kabisa, huyu ni bepari? Balozi alikitazama kijarida kwa muda, akauliza kama toleo la nyuma lipo. Mwezi uliofuata tukawa tunabishana watu watano, ingawa yeye alisimama tu, ili akiulizwa aweze kusema alikuwa anapita.

Nisije nikamchora kama mtu asiye na kasoro. Fundi Saa alikuwa mbishi, na hakuomba radhi kwa mtu. Akikosea, alinyamaza, na kesho yake alikuletea andazi. Alikuwa fundi wa saa asiyevaa saa. Ukutani kwake zilining'inia saa saba, na kila moja ilikuwa na wakati wake, ukitaka saa kumi au saa mbili ungeipata. Yeye aliishi kwa adhana na kwa mlio wa treni ya Kigoma, na bado alichelewa kila mahali, hata mazikoni. Mtu mmoja mjini aliwahi kumwuliza vipi muumini wa safu ya mbele anakodolea picha za wachawi. Akajibu, "Mimi sichori. Mimi natazama." Akaendelea na kazi yake. Baadaye alinung'unika kwangu kwamba mtu yule saa yake ilikuwa ya bandia.

Alinifunza jambo moja la kazi yao ambalo watu wengi waliovaa saa maisha yao yote hawalijui. Ndani ya mfuniko wa nyuma, kila fundi anayeitengeneza saa huchora alama yake kwa ncha ya sindano, ndogo, ya kuonekana kwa lenzi tu. Wengine huandika na mwezi. Alama yake yeye ilikuwa ndoana. Saa ya zamani ukiifungua utaona alama sita, saba, za watu wasiowahi kuonana, mmoja wa Ujiji, mmoja wa Bagamoyo, wengine wamekwisha kufa. Alipofungua saa aliwatafuta kwanza hao. Alikuwa akizijua alama nyingi, akizitaja kwa majina aliyowapa mwenyewe: huyu Mkia wa Panya, mvivu, hasafishi, huyu Msalaba, mkono mwepesi, Mungu amrehemu. Fundi mmoja wa Mwanza, ambaye alama yake ilikuwa vitone vitatu, yeye alimwita Nukta Tatu. Alimsifu, lakini kwa kuuma meno.

Na kwa nini nilimpenda? Nitasema wazi. Nilipopewa dirisha la vifurushi, wanaume walikuja wakanipita, wakagonga mlango wa nyuma wakitafuta karani. Mimi nimekaa pale na kalamu mkononi. Fundi alitoka Gongoni kwa miguu na jua lake, akasimama dirishani kwangu na boksi la saa za kwenda Kigoma, na mwanamume mmoja ndani alipomwita aje mlangoni, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba saa zake zinapokelewa na Karani. Toka hapo aliniita hivyo, Karani, hakuniita jina. Saa zote za watu wa reli zilipita kwangu kwenda kwake na kurudi. Taratibu watu wakajifunza kulitumia dirisha.

Sasa nifike kwenye lile toleo.

Lilikuja mwanzoni mwa masika. Fundi alinawa, akageuza, akainama, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Alipoinua kichwa alikuwa amekasirika. Alisema mkono umebadilika. Mchoraji wetu wameshamwondoa, au kalewa, wamempa mtu mwingine kazi, na huyo mtu mwingine hana pumzi. Mstari umeota manyoya, alisema. Sime ya Lugendo inaonekana mbili mbili.

Tukatazama. Gadi akasema yeye anaona vile vile. Muuza Asali akasema yeye hajui mistari ila mizinga bado iko karibu na shina, kwa hiyo mtu ni yule yule. Fundi akawaambia hawana macho. Akanigeukia mimi na kunipa lenzi, akangoja.

Nilitazama. Mstari ulianza mnene, ukakonda, ukaishia kwenye ncha ya sindano. Ulikuwa safi kama siku zote. Nikasema, "Labda wino wa chapa, Mzee." Nilisema uongo, na nilijua nasema uongo kwa sababu gani.

Maana mimi nilikuwa tayari na jambo. Wiki tatu kabla, Gadi alikuja dirishani na saa yake ya mfukoni, ametoka kuichukua kwa Fundi, na inachelewa. Gadi kuchelewa si mchezo. Alikuwa amekwisha kuandikiwa barua ya onyo na mkubwa wake. Aliniomba niirudishe kwa Fundi kwa upole, yeye anaona haya. Niliifungua mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutazama. Ndani skrubu moja ilikuwa imekwaruzwa, na ile springi nyembamba kama unywele ilikuwa imepinda. Ndoana ya Fundi kwenye mfuniko ilikuwa imechorwa mara mbili, ya pili kando ya ya kwanza, kana kwamba hakuiona ya kwanza.

Sikuirudisha Gongoni. Niliifunga ndani ya pamba na kuituma Mwanza, kwa Nukta Tatu, na ilipokuja nikampa Gadi, nikamwambia Fundi anakusalimu. Baadaye ikaja saa ya mwalimu mmoja, kisha ya mama mkunga. Zote nilizipitisha njia hiyo hiyo. Zilitoka mbovu kwa Fundi, zikasafiri kwa treni, zikarudi nzima, na sifa ikabaki Gongoni. Nilijiambia ni wiki chache tu, macho yatapoa, labda ni vumbi la kiangazi. Mtu ukimpenda mtu, unaweza kujidanganya hata kwenye masika.

Mwezi wa pili wa ule ugomvi kukawa na matata kweli. Fundi hakuwa anabishana tena, alikuwa anagomba. Alimwambia Gadi kwamba anatazama picha kama ng'ombe anavyotazama treni. Gadi akasimama, akavaa kofia yake ya kazi, akasema shikamoo ya kuaga na hakurudi Jumamosi mbili. Muuza Asali alikuja, lakini akawa anazungumza habari za mvua.

Ndipo Fundi aliponiita niandike barua. Yeye aliandika vizuri kwa Kiarabu, na hati yake ya Kirumi ilikuwa nzuri pia, lakini alisema anataka yangu. Alisema, nikaandika. Ilikuwa barua kali. Ilimwambia mhariri kwamba watu wa Tabora si wajinga, kwamba mkono uliochora matoleo mawili ya mwisho si mkono wa Sime ya Radi, na kwamba kama mchoraji wetu anaumwa tuambiwe tumwombee, na kama ameiachia kazi yake mtu asiyejua kubana pumzi, basi aone aibu. Alipofika hapo kwenye aibu alisimama, akaniuliza kama nimeandika. Nikasema nimeandika.

Barua ile niliipeleka posta kwa mkono wangu. Ningeweza kuitupa. Niliitia kwa sababu niliamini hawatajibu. Watu wa magazeti hawajibu watu wa Tabora.

Walijibu. Kilikuja kifurushi bapa, kimebanwa kati ya mbao mbili nyembamba, kwa jina la Fundi. Nilikibeba mwenyewe Jumamosi ile, na njiani nikampitia Gadi nikamsihi aje. Walikuwepo wote, na Balozi amesimama. Ndani mlikuwa na kikaratasi kifupi na ukurasa mmoja mkubwa wa karatasi ngumu. Kikaratasi kilikuwa cha mchoraji mwenyewe. Aliandika kwamba hajawahi kupata barua iliyotazama kazi yake kwa karibu namna ile, hata kama ni ya kumtukana; kwamba mkono ni wake, tangu toleo la kwanza; na kwamba anampelekea mzee ukurasa wenyewe, si wa kuchapwa, ule aliouchora kwa kalamu na wino, kutoka toleo lile lile analolilalamikia, autazame mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekisoma. Fundi alinawa mikono. Ukurasa ulikuwa mkubwa mara mbili ya ule wa kijarida, Lugendo amesimama mlimani, sime juu, na Bwana Ukungu anamzunguka. Hata Balozi alikaa chini. Fundi hakuugeuza. Aliweka lenzi, akainama juu ya sime, akaenda taratibu kutoka mpini hadi ncha. Kisha akarudia. Kisha akatoa lenzi, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akairudisha, akatazama mara ya tatu. Muuza Asali alifungua kinywa, nikamshika mkono.

Karatasi ya kuchapa inaweza kusingiziwa wino, au mashine, au mvua. Ile ilikuwa haina wa kusingiziwa. Alitoa lenzi na kuiweka juu ya mkeka, mbali na yeye.

"Mkono ni ule ule," alisema.

Halafu akamgeukia Gadi, mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, akamwambia, "Niwie radhi, mwanangu. Ng'ombe nilikuwa mimi." Gadi alilia. Mimi nilijishughulisha na birika, maana sikuweza kutazama.

Ndani ya wiki ile alirudisha saa zote zilizokuwa mezani kwake, ambazo hajazigusa, kila moja nyumbani kwa mwenyewe, kwa miguu. Hospitali walimwambia ni presha ya macho na imekwisha kula sana. Binti yake aliyeolewa Bukene alikuja kumchukua. Siku ya kuondoka, stesheni, alinipa ule ukurasa ukiwa ndani ya mbao zake. Alisema mwenye macho ndiye akae nao. Sikumwambia kuhusu Mwanza. Nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni, treni ikapiga mlio, nikamwambia asalimie.

Miaka ikapita. Kijarida kilikufa wakati karatasi ilipoadimika, kikamwacha Lugendo amening'inia gengeni kwa mkono mmoja, na mpaka leo yuko pale. Muuza Asali alidai kwamba nyuki walimwokoa. Gadi alihamishiwa njia nyingine. Mimi nilipanda cheo kidogo na kuhama dirisha, na kila nilipopanga kwenda Bukene, kukatokea sababu, na sababu zote nilizitengeneza mwenyewe. Bukene si mbali, ni kituo kwenye njia ya Mwanza. Saa zangu zile zilikuwa zikipita hapo kwenda na kurudi.

Nilikwenda mwishowe, asubuhi moja, na ukurasa kwapani. Nilimkuta amekaa kivulini nyuma ya nyumba ya binti yake, anapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakitazama mahali. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea na hindi lake punje mbili tatu, kisha akasema, "Karani, umechelewa. Umenizidi mimi."

Tuliongea habari za mji, nani kafa, nani kaoa tena. Nilimweleza la Lugendo gengeni, akacheka kwamba alijua watatuacha pabaya. Binti yake akaleta maji, akanawa bila kuniuliza kwa nini. Alijua nimekuja na nini. Nadhani alisikia mbao. Nikauweka ukurasa kwenye mapaja yake.

Hakuniomba nimweleze picha. Alianza kuupitia kwa ule ukucha wa dole gumba, uliokuwa bado mrefu, kwa upole wa kugusa jeraha. Pale kwenye bega la Lugendo ukucha ukasimama. Ukarudi, ukasimama tena.

"Hapa kuna nini?"

Nilitazama karibu. Kulikuwa na baka la rangi nyeupe, jembamba, lililokauka juu ya karatasi, na juu yake bega limechorwa upya. Miaka yote nimekaa na ukurasa ule, sikuwa nimeliona.

"Rangi nyeupe, Mzee."

"Alikosea," alisema, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuitegemea. "Alikosea bega, akafunika, akachora tena. Loo, maskini. Na mimi nilimwandikia aone aibu." Akakaa na dole lake pale. Kisha akasema kwa sauti ile ile, bila kuinua uso, "Nukta tatu."

Nikainua uso kumtazama.

"Saa ya Gadi. Aliniletea kioo kimepasuka, kabla sijamwita ng'ombe. Nikaifungua. Sikuona kitu, nilikuwa naona ukungu mtupu, lakini ukucha unaona. Ndoana yangu mara mbili, na pembeni nukta tatu, mpya, bado kali. Nikajua saa haikwenda Mwanza kwa miguu yake. Inapita dirisha gani?"

"Mzee, niwie radhi."

"Subiri. Kwa hiyo barua ile niliitunga nikiwa najua. Unaelewa? Nilimwombea mabaya mtu yule wa watu. Nilitaka awe mgonjwa yeye, au mlevi, kalamu imwanguke. Maana kama mkono wake ni mbovu, basi macho yangu ni mazima." Alipukuchua hindi ambalo halikuwa na punje tena. "Na wewe ungeniambia. Ningekuchukia mwaka mzima, Karani. Halafu ningekushukuru. Umeninyima vyote viwili."

Nililia pale pale, mtu mzima mimi, mbele ya kuku wa watu. Nilimwambia niliogopa watu wasije wakampita kibarazani kwake kama walivyonipita mimi dirishani. Hilo hakuwa amelifikiria, nikamwona analifikiria. Akanyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akakipata, akaukalisha hapo.

"Basi," alisema. "Kosa hilo limekwisha kukauka, kama rangi ile. Sasa nitazamie. Usinieleze anafanya nini, hilo najua. Nipe mstari."

Nikauchukua ukurasa, nikaugeuza juu chini, miguu ya Lugendo ikaelekea mbinguni. Nikashika dole gumba lake na kuliweka kwenye mpini, nikaanza kulisogeza na kusema. Unaanzia mnene hapa, Mzee. Sasa unakonda. Bado unakonda, bado hajainua mkono. Hapa unanenepa kidogo, unapinda kwenda kushoto kwako. Nilikwenda polepole kuliko mchoraji mwenyewe alivyokwenda, nikiogopa kumkatisha, na kando yangu sikusikia akivuta hewa hata mara moja. Tulipofika kwenye ncha nikamwambia tumefika, ndipo akapumua.